Shajara ya Mradi: Mitumbwi na Nyumba ya Mbao Kando ya Algonquin

Mwisho wa Aprili

Mradi huu umeanza rasmi wiki hii, baada ya mama mkwe wangu kupata viza ya kuja kukaa nasi Mississauga, karibu na Toronto nchini Kanada, kuanzia Juni hadi Novemba. Yeye ni mzaliwa wa Tanga, binti wa mvuvi wa ngalawa, na katika umri wake wote hajapata kuona msitu ukigeuka rangi. Lengo tuliloliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari ni kwamba familia yote, yaani bibi, mume wangu, mimi na watoto wetu wawili, ipande mitumbwi pamoja katika majira ya mapukutiko, na kila jioni irudi kulala chini ya paa lenye moto. Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba safari itapimwa kwa yule asiyeweza zaidi, si kwa yule anayeweza zaidi. Kila uamuzi utakaoandikwa humu utapaswa kujibu swali hilo kwanza kabla ya swali la mandhari.

Mahali hapakutusumbua kuchagua. Hifadhi ya Algonquin, iliyoanzishwa mwaka 1893, ina eneo la takriban kilomita za mraba 7,600 na maelfu ya maziwa yaliyounganishwa na mito na njia za miguu ambazo watu huzipita wakiwa wamebeba mitumbwi mabegani. Kutoka kwetu hadi lango lake la magharibi ni safari ya kama saa tatu na nusu kwa gari pasipokuwa na foleni, mwendo ambao bibi anaweza kuuvumilia kwa kupumzika njiani mara moja au mbili.

Jambo tuliloshindana kidogo ni hema. Mume wangu alipendelea tupige kambi ndani ya hifadhi, kwa hoja nzuri kwamba kulala kando ya ziwa ambalo halina barabara ndiko kunakowafanya watu wapende mtumbwi. Hoja yangu ilikuwa kwamba usiku wa mwisho wa Septemba huko unaweza kushuka hadi karibu na nyuzi sifuri, na mtu wa Tanga mwenye magoti ya miaka sabini hawezi kuamka humo akafurahia asubuhi. Tumeafikiana kwamba nyumba ya mbao ndiyo msingi wa safari, na mtumbwi utajengwa juu ya msingi huo.

Katikati ya Mei

Nyumba imepatikana. Iko kwenye Oxtongue Lake, nje kidogo ya lango la magharibi, kando ya Barabara Kuu ya 60. Nilizipitia nyumba nyingi kabla ya kuifikia, na nafikiri inafaa nieleze nilikuwa natafuta nini, kwa sababu picha nzuri za machweo hazimsaidii mtu anayepanga safari kama hii.

Kitu cha kwanza nilichouliza kila mwenye nyumba kilikuwa gati. Nilitaka kujua mbao zake ziko juu ya maji kwa kimo gani, kina cha maji pembeni yake ni kiasi gani, na kama kuna ufuko wa mchanga karibu ambapo mtumbwi unaweza kuvutwa nusu nchi kavu. Mtu mzima anayeshuka kutoka kwenye gati refu kuingia kwenye chombo chembamba huwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachosogea, na hapo ndipo watu wengi huanguka, hata kabla safari haijaanza. Mwenye nyumba hii alinielewa mara moja. Alinitumia picha ya gati akiwa ameweka futi ya kupimia kati ya ubao na maji, na nyingine ya kipande cha mchanga upande wa kushoto, chenye mteremko mdogo, ambapo bibi ataweza kuingia akiwa amekaa kitako kwanza kisha akavuta miguu ndani. Picha hiyo ndiyo iliyofunga mjadala.

Mambo mengine yalikuwa ya kawaida: jiko la kuni sebuleni pamoja na vipasha joto vya umeme, choo ndani, chumba cha kulala kisichohitaji kupanda ngazi, na jikoni pa kupikia chakula cha watu watano. Ziwa lenyewe ni dogo, na maji yake hutoka kwenye mto wa Oxtongue, ambao chanzo chake kimo ndani ya hifadhi na ambao huporomoka kwenye Ragged Falls kabla ya kufika ziwani. Udogo wa ziwa ni faida kubwa kwetu. Kwenye ziwa pana upepo hupata nafasi ya kukimbia juu ya maji na kuyainua mawimbi, ilhali kwenye ziwa dogo ufuko hauko mbali hata mambo yakibadilika ghafla.

Tarehe tumezifunga pia: wiki ya mwisho ya Septemba, kuanzia Jumamosi hadi Jumanne. Jumatatu shule ya watoto imefungwa kwa ajili ya mafunzo ya walimu, na Jumanne tutawaombea ruhusa.

Juni

Bibi amefika salama. Siku chache baada ya kupumzika nilimwonyesha ramani ya ziwa, akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, upepo wa huko hutokea wapi?" Katika maswali yote tuliyokuwa tumejiuliza, hilo halikuwemo kwenye daftari, na sasa limo, tena karibu na mwanzo. Jibu ni kwamba upepo wa kawaida wa eneo hilo hutoka magharibi na kaskazini-magharibi, na kwamba mara nyingi asubuhi hutulia kisha ukaongezeka kuanzia adhuhuri. Bibi aliitikia kwa kichwa na kusema kwamba kama ni hivyo, basi tutoke tukielekea upepo unakotoka na turudi tukisukumwa nao, ili uchovu utukute tunarudi kwa urahisi. Tumeandika kanuni hiyo kwa maneno yake.

Yapo mengine ambayo anayajua kuliko sisi. Anatambua omo, yaani mbele ya chombo, na tezi, yaani nyuma yake, bila kuambiwa, anajua kwamba mzigo mzito hukaa chini na katikati, na alipoona mtumbwi wa hapa kwa mara ya kwanza aliuliza mara moja mbona hauna ndubi, yale maboya ya mbao ya pembeni, za kuuzuia usipinduke. Swali hilo linagusa tofauti kubwa kati ya vyombo hivi viwili. Ngalawa husimama imara kwa sababu ya ndubi zake mbili, na mtu anaweza kuegemea upande bila hofu, lakini mtumbwi wa hapa unategemea uzito wa waliomo ukae chini na wasogee taratibu. Nimefurahi kwamba tofauti hiyo imemwingia kabla hajaketi ndani yake.

Nilimweleza pia asili ya chombo hiki. Umbo lake ni la wenyeji wa nchi hii, wakiwemo Waalgonquin ambao mabonde haya ni ardhi yao ya jadi, na waliutengeneza kwa gome la mti wa bechi (birch) lililoshonwa kwa mizizi ya misonobari na kuzibwa kwa utomvu. Bibi alisikiliza kuhusu kushonwa huko, akasema kwamba mitepe ya Lamu, vyombo vya zamani vya baharini, nayo ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Watoto hawakuwa wanalijua hilo, na kwa sehemu kubwa ya jioni ile maswali yao yalihamia kwake.

Julai

Mazoezi yamefanyika kwenye mifereji iliyotulia kati ya Visiwa vya Toronto, ambako mitumbwi hukodishwa na maji hayana mawimbi makubwa. Tumegawana hivi: mtumbwi wa kwanza mume wangu atakaa tezi, kifungua mimba wetu mwenye miaka kumi na mitatu atakaa omo, na bibi atakaa katikati, mtumbwi wa pili mimi nitakaa tezi na kitinda mimba wetu, mwenye miaka minane, atakaa omo. Mpangilio huu unampa kila mtumbwi mtu mzima anayejua kuuongoza, na unamweka bibi mahali ambapo chombo hutikisika kidogo zaidi.

Muda mwingi tuliutumia kwa kafi la tezi, kwa sababu mtumbwi unaopigwa kafi upande mmoja huelekea upande wa pili, na nahodha asipojua kuurekebisha atalazimika kubadilisha upande kila mara na kuwachosha wote. Namna ya kuurekebisha ni hii: mwisho wa kila pigo, kafi likiwa limefika nyuma ya kiuno, kidole gumba cha mkono wa juu hugeuzwa kuelekea chini, na bapa la kafi, ambalo sasa limesimama sambamba na ubavu wa mtumbwi, husukumwa nje kidogo kabla ya kutolewa majini. Msukumo huo mdogo ndio unaorudisha omo kwenye mstari. Mume wangu aliupata haraka. Kilichosaidia zaidi ni kupiga taratibu kuliko tulivyodhani inafaa, na kuacha mwendo wa chombo ufanye kazi yake.

Jaketi za kuokoa maisha tumenunua zetu wenyewe badala ya kutegemea za kukodi. Sheria ya Kanada inataka kila aliyemo chomboni awe na jaketi linalomtosha, ingawa kwa mtu mzima haisemi lazima liwe limevaliwa. Kanuni ya familia yetu inakwenda mbali zaidi: hakuna anayekanyaga gati bila jaketi lililofungwa hadi juu. Kipimo chetu kwa kitinda mimba kilikuwa rahisi: tulimvalisha, tukamfunga, kisha baba yake akashika mabega ya jaketi na kuyavuta juu. Jaketi la kwanza lilipanda hadi masikioni, kwa hiyo tulilirudisha dukani tukachukua lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kwa bibi tulitafuta lenye mgongo wa wavu kwa chini, linalompa nafasi ya kuegemea kiti cha chini tulichomnunulia. Magoti yake hayaruhusu kupiga magoti kama wafanyavyo wapanda mitumbwi wengi, na kiti hicho chenye mgongo, kinachokaa karibu kabisa na sakafu ya mtumbwi, kimetatua tatizo bila kuuinua uzito juu.

Katikati ya Agosti

Mwezi huu umekuwa wa kazi nzito kuliko yote, na ndio uliobadilisha mpango.

Mpango wa awali ulikuwa na siku ya kutoka Canoe Lake hadi Joe Lake, ndani ya hifadhi, ambayo ni njia maarufu na nyepesi kwa vipimo vya hapa: kati ya maziwa hayo mawili kuna mita 295 za kubeba mtumbwi nchi kavu, kwenye njia pana. Mtumbwi wa kisasa mwepesi una uzito wa kilo 20 hivi, na mume wangu anaubeba peke yake. Kwa hiyo hakuna sehemu ya njia ile ambayo ingetushinda. Tuliiondoa kwa sababu ya baridi ya maji.

Hewa ya mwishoni mwa Septemba inaweza kuwa na nyuzi 18 mchana, jua likiwaka na watu wakiwa wamevaa mashati tu, lakini maji ya maziwa hayo kufikia wakati huo hukaribia nyuzi 15 na yanaendelea kushuka. Wataalamu wa usalama majini hulichukulia joto la chini ya nyuzi 15 kuwa ni maji baridi, na hatari yake ya kwanza ni mshtuko wa baridi, kabla hata mwili haujaanza kuganda. Mtu akitumbukia ghafla huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha hupumua haraka asiweze kujizuia, na kama kichwa kimo chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, atavuta maji. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameieneza kanuni inayofundishwa Kanada nzima kwa tarakimu 1-10-1: dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 hivi kabla ya mtu kupoteza fahamu kwa kupoteza joto. Kanuni hiyo ni ya maji yanayokaribia kuganda, na katika maji yetu muda utakuwa mrefu zaidi, lakini mpangilio wa hatari ni uleule. Jaketi lililovaliwa hukiweka kichwa juu katika ile dakika ya kwanza, na ndiyo maana jaketi lililolazwa chini ya kiti halimfai kitu mtu aliyekwisha tumbukia.

Canoe Lake ina historia inayolisisitiza jambo hili. Mchoraji Tom Thomson, ambaye picha zake za misonobari na maziwa ya Algonquin zinajulikana na kila mtoto wa shule hapa, alifariki katika ziwa hilo Julai 1917 akiwa peke yake, naye alikuwa mzoefu wa mtumbwi. Jinsi alivyofariki bado inajadiliwa, na mimi sina la kuongeza. Ninalolitoa kwenye habari hiyo kwa ajili ya daftari letu ni kwamba mitumbwi yetu miwili haitaachana hata mara moja, na umbali kati yake hautazidi ule ambao sauti ya kawaida inafika.

Nikarudi basi kwenye swali la yule asiyeweza zaidi. Iwapo mtumbwi wa kwanza utapinduka, bibi atahitaji kufika nchi kavu, kuvuliwa nguo mbichi, kukaushwa, kuvishwa na kupewa joto haraka kuliko mtu mwingine yeyote kati yetu, kwa kuwa mwili wa mtu mzee hupoteza joto upesi na hulirejesha polepole. Ng'ambo ya nchi kavu ya kuvuka kwa miguu, mbali na gari na mbali na jiko la kuni, huduma hiyo haiwezekani kwa wakati. Kwa hiyo siku ya Canoe Lake itabaki, ila itakuwa ya ziwa hilo pekee, kwa kufuata ufuko, hadi kwenye mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1930 kumkumbuka Thomson na kurudi. Siku nyingine itakuwa ya Oxtongue Lake na kuupanda mto hadi chini ya Ragged Falls, ambako maji ni tulivu na kingo zote mbili ziko karibu. Tutageuka kabla ya kuyafikia maji yanayochemka chini ya maporomoko. Mume wangu, ambaye ndiye aliyeipenda zaidi ile njia ya Joe Lake, ndiye aliyeifuta kwa kalamu yake, na namshukuru kwa hilo.

Kanuni tulizoziandika zinatokana na hayo yote. Tutakaa karibu na ufuko kiasi cha kuogelea kwa jaketi bila kuchoka. Tukiona vichwa vyeupe vya mawimbi katikati ya ziwa hatutoki, na tukiwa tumekwisha toka tunaelekea nchi kavu iliyo karibu, hata kama si yetu. Mitumbwi yote iwe imefungwa kabla ya alasiri, kwa kuwa upepo huwa umeongezeka na jua la majira haya huchwea saa moja jioni. Kila mtumbwi utakuwa na kamba inayoelea yenye urefu wa mita 15, upo, yaani chombo cha kuchotea maji yanayoingia, na filimbi, vitu ambavyo sheria inavitaka, na juu ya hivyo mfuko mmoja usiopenya maji wenye nguo kamili za kubadilisha za kila aliyemo, blanketi, na chupa ya chai ya moto. Mfuko huo utafungwa kwenye mtumbwi, usielee ukaenda zake.

Mwanzo wa Septemba

Nguo zimekamilika. Pamba tumeiondoa kabisa kwa siku za majini, kwa sababu ikilowa hushika maji na kuunyonya joto mwili, tofauti na sufu ambayo hupasha hata ikiwa mbichi. Bibi alipenda sana fulana ya sufu ya mikono mirefu, akaivaa chini ya dera nyumbani kwa siku kadhaa ili aizoee. Kwenye mtumbwi atavaa suruali, na khanga yake itabaki kwenye mfuko mkavu kwa ajili ya kujifunika tukitua.

Chakula tumekipanga kwa namna ya kupunguza kazi ya jikoni. Nyama tutanunua hapa Mississauga kwa mchinjaji wetu na kuigandisha, ili isafiri kwenye kasha la barafu na iyeyuke taratibu. Pilau ya usiku wa kwanza itapikwa nyumbani. Mahamri yatakaangwa Ijumaa usiku, na bibi amesema wazi kwamba hiyo ni kazi yake na hataki msaidizi. Majini tutakula vitu vinavyoshikika kwa mkono mmoja: tende, karanga, mayai ya kuchemsha na chapati zilizokunjwa na maharage. Mwili unaofanya kazi kwenye baridi unahitaji kulishwa mara kwa mara, na mtoto aliyeanza kununa kwenye mtumbwi mara nyingi ana njaa au ana baridi, kwa hiyo vyote viwili vitajibiwa kabla ya kumkanya.

Kuna dubu weusi katika eneo hilo, nao wakati huu wa mwaka wanakula kwa bidii kabla ya usingizi wa baridi. Hakuna chakula kitakachoachwa kibarazani, wala takataka, wala kasha la barafu. Kuni hatutabeba kutoka kwetu. Wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani ya magogo, na mwenye nyumba anauza kuni zilizokatwa karibu.

Katikati ya Septemba

Sasa ni suala la majani, ambalo ndilo watoto wanaliulizia kila siku. Hifadhi hutoa taarifa za rangi za msitu katika majira haya, na tumeanza kuzifuata. Upande wa magharibi wa Algonquin uko kwenye nyanda za juu, hivyo baridi huwahi kufika kuliko mabonde yanayouzunguka, na miti ya mepo, ile ambayo jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, kwa kawaida hufikia kilele cha wekundu kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba. Baada yake hufuata manjano ya miti ya bechi, na mwisho kabisa, kuelekea katikati ya Oktoba na zaidi, tamaraki, mti wa jamii ya misonobari ambao sindano zake hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutika.

Kifungua mimba ameandika maelezo yake shuleni na nimeyanakili hapa kwa ufupi. Siku zinapopungua urefu, mti huacha kutengeneza klorofili inayolipa jani ukijani wake, na manjano ambayo yalikuwemo muda wote huonekana. Wekundu wa mepo ni habari nyingine, kwani hutengenezwa upya wakati huo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hustawi zaidi panapokuwa na mchana wa jua na usiku wa baridi usiofikia kuganda. Bibi aliuliza kama mti unaumia. Mjukuu wake alimjibu kwamba unajiandaa kulala, naye akaridhika.

Mvua kubwa yenye upepo inaweza kuangusha yote hayo kwa usiku mmoja, na hilo hatuna mamlaka nalo. Tumekubaliana kutosogeza tarehe kwa ajili ya majani. Nyumba imelipiwa, maji yanazidi kupoa kila wiki, na wiki moja ya kuchelewa kwa ajili ya rangi ingekuwa wiki moja ya baridi zaidi kwa mtu anayekaa katikati ya mtumbwi.

Jumatano ya wiki ya safari

Kibali cha gari cha Jumatatu tumekipata asubuhi hii. Vibali vya siku moja hufunguliwa siku tano kabla, na katika majira haya wageni ni wengi kiasi kwamba asiye na kibali mapema anaweza kufika langoni akarudishwa. Ni kwa sababu ya wingi huo tulichagua Jumatatu kwa ajili ya hifadhi na kuiacha Jumapili kwa ziwa la nyumbani. Barabara Kuu ya 60 hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita 56, na mwishoni mwa wiki za rangi magari hujipanga kando yake kwa wingi. Maegesho ya Canoe Lake yako takriban kilomita 14 kutoka lango la magharibi, kwa hiyo tukiondoka nyumbani saa mbili asubuhi tutakuwa majini kabla upepo haujaamka.

Endapo Jumatatu itakuwa na upepo, kibali hakitapotea. Kilomita ya 42 na nusu kutoka lango hilo kuna njia ya mbao juu ya kinamasi, fupi na tambarare, yenye urefu wa kilomita moja na nusu, ambayo bibi anaweza kuimaliza kwa kupumzika, na karibu yake, kilomita ya 43, kuna kituo cha wageni chenye baraza la kutazama msitu kutoka juu. Nimempa bibi uamuzi wa siku hiyo. Ataangalia maji asubuhi, na akisema hatutoki, hatutoki.

Safari ya kwenda itakuwa Jumamosi mchana, si Ijumaa usiku kama watoto walivyotamani. Musi, kulungu mkubwa kupita wote duniani, huwa katika msimu wa kupandana wakati huu, na madume huvuka barabara bila kujali lolote. Rangi yake ni kahawia iliyokoza, na kimo chake huyaweka macho juu ya mwanga wa taa za gari, kiasi kwamba dereva humwona akiwa amekwisha mkaribia. Tukimkuta kando ya maji tutabaki ndani ya mitumbwi, mbali naye.

Ijumaa usiku

Utabiri wa leo unaonyesha Jumapili tulivu yenye mawingu, Jumatatu jua na upepo wa wastani kutoka magharibi baada ya adhuhuri, na Jumanne mvua. Tumeupokea kama ulivyo: mto Jumapili, Canoe Lake Jumatatu asubuhi, na Jumanne kufunga mizigo bila haraka.

Gari limepakiwa isipokuwa kasha la barafu. Kafi tano zimefungwa pamoja, moja ikiwa ya akiba. Mifuko miwili ya nguo kavu imewekewa alama kwa utepe, mwekundu kwa mtumbwi wa kwanza na wa kijani kwa wa pili, na kila mmoja wetu amefungua na kufunga mfuko wake akiwa amefumba macho, kwa kuwa vidole vyenye baridi havitegemei kuona. Mahamri yanapoa jikoni chini ya kitambaa.

Kazi ya mwisho ilikuwa mpango wa safari, yaani karatasi anayoachiwa mtu asiyekwenda. Shemeji yangu wa Scarborough amepokea nakala yake kwa simu na kunisomea yote ili nihakikishe imefika sawa. Ina anwani ya nyumba, namba ya gari, rangi ya mitumbwi, majina yetu na umri wetu, ziwa la kila siku na saa tunayotarajia kuwa nchi kavu. Kwa kuwa mtandao wa simu hukatika sehemu nyingi za barabara ile, hatutaahidi kupiga simu tukiwa majini. Tutampigia kutoka nyumbani kila siku kabla ya magharibi. Asipotusikia hadi saa mbili usiku atapiga simu kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akikuta gati halina mitumbwi au gari halijarudi, shemeji atawaita polisi wa jimbo na kuwasomea karatasi hiyo. Tunaondoka kesho saa tatu asubuhi.